Aibu ya Kurudia Nguo

Katika miji yetu ya mwambao, na hata katika miji ya bara ambako desturi za pwani zimeenea, miezi inayofuata Ramadhani na ile ya mwisho wa mwaka ni miezi ya arusi, na kwa watu wengi wenye pato la kadiri imekuwa pia miezi ya hesabu ngumu. Kwani ni nadra siku hizi mwaliko kuingia nyumbani bila kufuatana na habari ya kitambaa, rangi yake, bei yake, duka kinakouzwa, na siku ya mwisho ya kukilipia. Jambo hili limezoeleka kiasi cha kwamba mtu akilihoji huonekana bahili au mwenye husuda, nami sitarajii kuepukana na lawama hiyo. Hata hivyo nimeona ni wajibu kulisema, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya fedha tunayoipoteza katika mavazi twaipoteza kwa kuogopa kuonekana mara ya pili katika nguo ile ile, na aibu hiyo, ambayo wazee wetu hawakuijua, yafaa iondolewe kwanza kabla ya mtu yeyote kuhubiriwa habari za kubana matumizi.

Lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba sisemi dhidi ya pambo. Watu wa mwambao wamekuwa wajuzi wa nguo kwa karne nyingi, na historia ya biashara yao aghalabu ni historia ya vitambaa. Mkataba ambao Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, aliufunga na Marekani mwaka 1833 uliwathibitishia njia wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walioleta Unguja kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, watu wakakiita merikani. Kitambaa hicho kikasafiri na misafara kutoka bandarini hadi kwenye maziwa makuu, kikawa vazi na kikawa pia kipimo cha thamani ya vitu vingine, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoikatiza biashara yake, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika nafasi iliyoachwa wazi. Siku hizo nguo ilitangaza daraja la mtu kabla hajafungua kinywa: mtwana na mjakazi walijulikana kwa merikani na kaniki, na bwana kwa joho na kilemba chake. Ndiyo maana, baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, wanawake wengi waliotoka katika utumwa waliiacha kaniki wakajitanda kanga zenye rangi na nakshi, wakijitangaza mbele ya mji mzima kuwa watu huru wenye haki ya kupendeza. Mwenye kuijua habari hiyo hawezi kuidharau raghba ya mwanamke wa kawaida ya kuvaa vizuri, wala hawezi kumwambia kwamba pambo ni la wenye mali peke yao.

Walakini wale wale walioipenda nguo kwa dhati waliijua pia thamani yake, wakaitumia mpaka mwisho wa uhai wake. Doti ya kanga ilinunuliwa, ikapindwa, ikavaliwa kwanza penye shughuli, ikijulikana kuwa ni mpya. Baada ya muda ikawa ya kutokea sokoni na kuamkia jamaa. Kisha ikawa ya jikoni, ikambeba mtoto mgongoni, ikawa ya kulalia, na ilipochakaa kabisa ikawa nepi na matambara ya kufutia. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyohesabiwa kuwa fedheha. Kisutu, kanga yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo desturi iliitenga kwa ajili ya bi arusi, haikubadilishwa nakshi yake kila msimu. Mama aliikunja sandukuni akaja kuitoa tena bintiye alipoolewa, na kule kudumu kwake ndiko kulikoipa heshima. Kwa wanaume ndivyo ilivyokuwa kanzu, ambayo mtu mmoja aliweza kuivaa Ijumaa msikitini, siku ya Idi, katika nikaha ya mpwawe na katika maziko ya jirani yake, bila ya mtu yeyote kusimama kumwuliza ni ya lini.

Basi mambo yaligeukaje? Kwanza tulionja dhiki. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 katika Tanzania wanajua foleni za kungojea kitambaa, na wanajua jinsi viwanda tulivyovijenga kwa matumaini makubwa, kikiwamo kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na vile vya Mwanza na Musoma, vilivyoanza kulegea kwa ukosefu wa vipuri, umeme na fedha za kigeni, ilhali pamba iliota Usukumani karibu na milango yao. Kisha milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya mwongo huo, na hasa chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, marobota ya mitumba yaliingia kwa wingi, na mtu aliyekuwa na suruali moja ya kazi na moja ya sikukuu akajikuta aweza kupata ya tatu, ya nne na ya tano kwa bei ya mlo. Neema ile ilikuwa ya kweli, wala siwezi kuikanusha. Iliwasitiri watoto waliokuwa uchi, na mpaka leo mamia ya maelfu ya watu hupata riziki zao kwa kufungua marobota alfajiri, kuchagua, kupiga pasi, na kuita wateja katika Karume ya Dar es Salaam, Kongowea ya Mombasa na Gikomba ya Nairobi.

Baada ya mitumba zikaja nguo mpya za bei nafuu kutoka China, Uturuki na kwingineko, zilizojaa Kariakoo na sasa zajaa hata katika viganja vyetu, maadamu muuzaji hahitaji tena duka, bali simu na mwendesha bodaboda wa kupeleka mzigo. Nyingi kati ya hizo zimefumwa kwa nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli. Hazinyonyi jasho katika joto letu, hufifia baada ya kufuliwa mara chache, na zikitupwa haziozi, bali huziba mitaro na kuelea katika vijito vyetu mpaka zifike baharini. Wala ile ya pamba si nyepesi kwa dunia, kwa kuwa inakadiriwa kwamba fulana moja hutumia takriban lita 2,700 za maji tangu shambani hadi kiwandani. Na unafuu wa bei una walioulipia kabla yetu. Tarehe 24 Aprili 2013, katika mji wa Savar, Bangladesh, jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya kushona nguo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake vijana, walioamrishwa kuingia kazini ijapokuwa nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani siku iliyotangulia. Nguo ikishakuwa rahisi kiasi hicho, mnunuzi hupoteza hata ile nafasi fupi ya kusita na kujiuliza kama anaihitaji.

Hata hivyo urahisi wa bei peke yake usingalitufikisha hapa tulipo, kwani mtu aweza kupita mbele ya kitu cha bei rahisi akakiacha. Kilichotushika ni kule kulazimishana. Tazama jinsi jambo linavyokwenda. Posa ikishakubaliwa huundwa kamati. Kamati hufungua kundi la WhatsApp. Na kabla tarehe ya nikaha haijathibitika, picha ya kitambaa hutumwa kundini pamoja na namba ya kulipia. Katika arusi moja huenda pakawa na sare ya siku ya hina au singo, nyingine ya kicheni pati, nyingine ya sendofu, na nyingine ya ukumbini, na kila upande, wa bwana arusi na wa bi arusi, huwa na rangi yake. Kwa kuwa kitambaa ni kimoja na muuzaji ni mmoja, mnunuzi hana nafasi ya kupatana bei. Na kwa kuwa wote washonesha kwa wakati mmoja, mafundi hulemewa, mishono hufanywa mbio, na wengi huchukua nguo zao usiku wa kuamkia shughuli, zingine zikiwa bado na sindano ndani.

Kisha siku hupita, na nguo ile, ambayo pengine ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote alizonunua yule mama mwaka huo, huwa imekwisha kazi. Haiwezi kuvaliwa katika arusi nyingine, kwa kuwa kila aliyekuwapo ataitambua kuwa ni sare ya arusi ya fulani. Haifai kazini, kwa kuwa ina mapambo ya usiku. Na nyumbani yaonekana ni hasara kuichakaza. Hukunjwa na kuwekwa juu ya zile zilizoitangulia. Zamani shughuli ilikwisha wageni walipotawanyika, na aliyeiona nguo yako aliisahau kabla ya mfunguo uliofuata. Lakini sasa kila shughuli hupigwa picha kwa simu mia, na picha hubaki hadharani zikimngojea mwenye nguo, ili siku atakapoirudia awepo mtu wa kusema ya kwamba ile tumekwisha iona. Hofu ya sentensi hiyo moja imewatoa watu wengi masurufu ya nyumba.

Wanaume wasidhani kwamba haya ni mambo ya wanawake. Wapo wanaobadilisha jezi za Simba na Yanga kila msimu mpya unapotangazwa, nao wana za msimu uliopita na uliotangulia zikiwa nzima; wapo wanaoshona suti kwa kila arusi wanayosimamia; na wapo wanaoagiza kanzu za Oman na kofia za kufumwa kwa mkono kwa ajili ya Idi moja, hali karo ya mtoto ingali deni. Tofauti ni kwamba gharama ya mwanamume huitwa haja na ya mwanamke huitwa anasa, na hukumu hiyo si ya insafu.

Natuweke hesabu mezani, kwa mfano tu. Chukua mfanyakazi wa pato la kadiri, tuseme muuguzi au mwalimu, ambaye jamaa, majirani na wenzake wa kazini humwalika katika shughuli nane kwa mwaka. Kitambaa kikiwa shilingi 50,000 na ufundi shilingi 40,000, kila sare itamgharimu shilingi 90,000, mbali na viatu, kilemba, nauli na mchango wenyewe. Na katika mwaka mzima zitakuwa shilingi 720,000. Fedha hiyo, ikigawanywa, ni shilingi 60,000 za kila mwezi, ambazo zingaliweza kuwa hisa zake katika kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, au akiba ya kununua mabati ya kuezekea chumba, au mtaji mdogo wa biashara ya baraza. Hakuna aliyemnyang'anya, alitoa mwenyewe, kidogo kidogo, kila mara akiamini kwamba ile ni mara moja tu na kwamba asingeweza kumwangusha mwenzake. Wahenga walisema akiba haiozi. Nguo ya sandukuni inapigwa na nondo na ukungu, na hata ikinusurika, hairudishi shilingi.

Pale pato lisipotosha, deni hujaza pengo. Mikopo ya simu, ambayo hutolewa kwa kubonyeza tarakimu chache na hukatwa yenyewe fedha nyingine ziingiapo, imerahisisha sana kulipia kitambaa ambacho mtu hakuwa na uwezo nacho. Na katika mitaa ya Tanzania ipo ile mikopo ya kila wiki ambayo wanawake wenyewe wameiita kausha damu, jina lililotoka katika maumivu ya kweli, kwani mwenye kushindwa marejesho huchukuliwa godoro, televisheni au jokofu mbele ya watoto wake na jirani zake. Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ililazimika kutangaza orodha ya programu za mikopo zinazoendeshwa bila leseni, ikiwaonya wananchi wasizitumie. Sidai kwamba mikopo hiyo yote ni ya nguo. Wengi hukopa kwa ajili ya ugonjwa, karo na kodi ya nyumba. Lakini mtu aliyemaliza akiba yake katika sare za msimu ndiye atakayekuwa hana kitu siku mtoto atakapopatwa na homa, na kwa hiyo mkopo wa hospitali mara nyingine ni mkopo wa kitambaa uliochelewa.

Kuna hoja mbili zitakazotolewa dhidi ya maneno yangu, nazo zote mbili zastahili jibu la heshima. Ya kwanza ni kwamba sare ni alama ya mapenzi na umoja. Kwamba mtu akiona ukumbi mzima umevaa rangi moja kwa ajili ya mwanawe huona kuwa hayuko peke yake duniani. Hili ni kweli, nami nimeona wazazi wakilia kwa furaha hiyo. Lakini umoja unaomwacha nje asiyeweza kulipa una kasoro ndani yake. Wapo watu, na kila msomaji anamjua mmoja wao, ambao hawakuhudhuria arusi ya jamaa wa damu kwa kuwa walishindwa sare, wakasingizia safari au maradhi; na wapo waliokwenda na nguo zao za kawaida wakakaa nyuma kabisa, ingawa walimlea yule bi arusi mikononi mwao. Shangazi aliyeshinda jikoni siku tatu akipika pilau ya wageni asipokuwa na haki ya kukaa mbele kwa sababu ya rangi ya gauni lake, basi kitambaa kimepewa daraja kuliko udugu, na jambo lililokusudiwa kuunganisha limekuwa la kubagua.

Hoja ya pili ni ya riziki. Tukipunguza kununua, watasema, mwenye duka, fundi cherehani na mchuuzi wa mitumba watakula nini? Swali hili lina uzito, na lina historia yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vya hapa vipate nafasi ya kupumua. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikapeleka malalamiko, serikali ya nchi ile ikaanza kuzichunguza haki zetu za kuuza bidhaa huko bila ya ushuru chini ya sheria ya AGOA, na Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo zake. Funzo nilipatalo katika habari hiyo ni kwamba serikali zetu zina mipaka iliyowekwa na wenye nguvu, lakini hakuna mkataba wa kigeni unaotulazimisha kwenda arusini na nguo mpya. Mamlaka hayo bado tunayo wenyewe.

Na fundi hatapoteza. Fundi wa kweli hufaidika zaidi kwa mteja anayeshona nguo mbili zilizokadiriwa vizuri, kwa kitambaa kizima na kwa muda wa kutosha, kisha akarudi kuzipunguza, kuzipanua, kuzigeuza kola na kuzitia darizi, kuliko kwa wateja mia wanaomjia wiki moja wakimhimiza afanye kazi ambayo jina lake litalaumiwa kwayo. Ufundi wa kurekebisha nguo uliwalisha watu wengi mwambao katika vizazi vilivyopita, nao umedhoofika kwa sababu tumezoea kutupa. Mchuuzi naye hauzi kwa ajili ya tamasha. Mnunuzi mwenye busara atakuja kwake tena na tena kutafuta shati la pamba lililoshonwa vizuri, litakalovumilia jua na maji.

Sasa mtu mmoja, nyumbani kwake, aanzie wapi? Mimi ningeshauri kwanza apime nguo kwa mara atakazoivaa, wala asiishie katika bei iliyoandikwa. Gauni la shilingi 40,000 litakalovaliwa mara arobaini limemgharimu shilingi 1,000 kila alipolivaa. Lile la shilingi 15,000 litakalovaliwa mara moja limemgharimu zile 15,000 zote, na kwa hiyo lile lililoonekana ghali ndilo lililokuwa rahisi. Pili, awe na daftari ndogo ya matumizi, na kila anunuapo nguo aandike kando yake sababu: kama ameinunua kwa haja, kwa ada, au kwa macho ya watu. Asijidanganye katika daftari hiyo, kwani hakuna mwingine atakayeisoma. Mwisho wa mwaka ajumlishe safu zote tatu, na safu ya tatu itamfundisha juu ya nafsi yake mambo ambayo mawaidha hayafundishi. Tatu, kabla hajaagiza kitu alichokiona katika simu, akilaze usiku mmoja au wiki moja. Maana tamaa nyingi za usiku hazifiki asubuhi, na ile inayofika huenda ikawa haja ya kweli. Na wazee walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao: nguo uliyo nayo, uijuayo inavyokukaa na inavyofuliwa, ina sifa ambazo ile ya picha bado haijazithibitisha.

Lakini juhudi ya mtu mmoja ina kikomo, na kikomo hicho ni yale yale macho ya watu. Hapa nafika kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini, na ambalo wahubiri wa kubana matumizi aghalabu hulipita. Maskini akirudia nguo, walimwengu husema hana. Tajiri akirudia nguo, walimwengu husema amependa. Kitendo ni kimoja, na hukumu ni mbili. Kwa hiyo kumtaka mwenye pato dogo awe wa kwanza kuivunja desturi ni kumtaka abebe aibu kwa niaba yetu sote, naye ndiye asiye na mahali pa kuitua. Waanze wenye nacho. Mke wa tajiri wa mji, mbunge, daktari, mkurugenzi, sheikh na mchungaji na wake zao, na watu mashuhuri ambao picha zao hutazamwa na vijana kila uchao, wao ndio wawezao kuvaa gauni la mwaka jana katika arusi ya mwaka huu bila ya mtu yeyote kudhani wamefilisika. Na wakilivaa mara ya tatu na ya nne, kurudia nguo kutakuwa kumepata heshima ambayo yule muuguzi na yule mwalimu wataweza kujisitiri chini yake. Dini zetu zote zimekataza israfu, na wanaohubiri juu ya mimbari hawana hotuba iliyo fasaha kuliko kanzu au koti ambalo waumini wamekwisha lizoea.

Kwa familia zinazojiandaa kuketi vikao vya arusi, nina maombi machache, nayo si magumu. Kamati itaje rangi badala ya kitambaa, ili kila mgeni atafute katika sanduku lake alichonacho cha rangi hiyo. Umoja utaonekana katika picha, na hakuna atakayekopa. Wale wapendao sare kamili warudie zile zilizodumu, kisutu kwa wanawake na kanzu kwa wanaume, ambazo zikinunuliwa mara moja zitahudhuria arusi za miaka mingi. Shughuli tatu ziwe na vazi moja. Atakayeona kwamba ni lazima atoe fedha kwa ajili ya mapenzi, na aitoe kama hiba kwa maarusi, wapate kitanda, jiko au kodi ya miezi ya mwanzo, kwa sababu ndoa nyingi changa hutikiswa na madeni ya siku iliyozifunga. Na mwenyekiti wa kamati aandike katika kumbukumbu za kikao cha kwanza, kisha atangaze kundini kwa maneno yasiyo na utata, kwamba mgeni yeyote atapokewa na kuketishwa kwa nasaba na mapenzi yake, awe amevaa rangi iliyotajwa au asivae.

Haya yote yaweza kuanza msimu huu, bila sheria wala ruhusa ya mtu. Mwenye uwezo wa kununua nguo mpya kwa kila shughuli ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kuirudia ya zamani hadharani. Na akishafanya hivyo mbele ya ukumbi uliojaa, kwa uso mkunjufu na bila ya kujieleza kwa yeyote, atakuwa amewapunguzia jirani zake mzigo ambao nyongeza ya mshahara isingaliwaondolea.